Doto Bila Kulwa

Siku ya kwanza Doto alipokuja mazoezini nilimuuliza swali ambalo mtu yeyote wa Kahama angemuuliza: Kulwa yuko wapi? Akacheka kidogo, akasema hana Kulwa, akainama kufunga kamba za viatu. Hapohapo machale yakanicheza. Huku Usukumani mapacha wana majina yao tangu enzi na enzi, anayetangulia ni Kulwa na anayefuata ni Doto. Sasa mtu anakujaje kuniambia yeye ni wa pili na wa kwanza hayupo? Ni kama kuniambia umenunua kiatu cha kushoto peke yake.

Ningemuuliza zaidi, ila Mwalimu Hatibu alikuwa ameshampa diski arushe, na alipoirusha wote tukaikodolea macho. Ilitoka katika mkono wake wa kushoto chinichini, ikapita juu ya vumbi la uwanja wa Nyahanga bila kuyumba, ikamkuta mwenzetu Varsha kifuani upande wa pili. Doto alisema alijifunza chuoni Mwanza alikosomea famasia, na kwamba sasa ameajiriwa kwenye duka la dawa hapa mjini. Mwalimu Hatibu, ambaye ndiye aliyetuletea mchezo huu baada ya kufundishwa Dar es Salaam, alitabasamu kama mtu aliyeokota pochi barabarani. Mimi sikutabasamu. Mchezaji mzuri kiasi kile hadondoki tu kutoka mbinguni.

Naitwa Mwanaidi. Nauza vitenge karibu na soko kuu la Kahama, na ni kapteni wa timu ya Vumbi. Watu husema mimi ni mtu wa kushuku, na sikatai. Ungekaa dukani kwangu wiki moja tu, ukaona wateja wanavyokuja na sura za upole huku kipande kimoja kimeshaingia kwenye mkoba, na wewe ungeshuku.

Mchezo wenyewe unaitwa frizbi. Mnarushiana diski, kisahani cha plastiki, saba kwa saba, wanaume na wanawake pamoja. Huruhusiwi kukimbia nacho mkononi. Ukikidaka unasimama, unampa mwenzako, hivyo hivyo mpaka mtu akidake ndani ya boksi la mwisho la wapinzani, na hapo mmepata pointi. Lakini kinachowashangaza wanaosimama pembeni kututazama ni kwamba hatuna refa. Ukimgonga mwenzako, unasema mwenyewe. Ukikanyaga nje, unasema mwenyewe. Mkibishana, anaulizwa yule aliyeona vizuri kuliko wengine, awe wa kwenu au wa kwao, na anachosema kinakubaliwa. Jirani yangu sokoni, mama mmoja anayeuza dagaa, nilipomweleza alicheka hadi akajifuta machozi. "Kahama hii hii?" akaniuliza. "Yenye mabroka wa dhahabu?"

Naupenda mchezo huu kuliko kitu chochote, lakini sheria hiyo haijawahi kunikaa sawasawa rohoni.

Mwaka huu timu moja tu ya kanda yetu ilikuwa iende kwenye mashindano ya taifa Dar es Salaam. Ilikuwa sisi au Mwamba wa Geita. Mwaka jana walitufunga wakaenda wao, wakatujazia simu zetu picha za kila walichokula. Mimi nimeshagonga thelathini na tatu na goti langu la kulia linalia nikipanda ngazi. Nilijua kabisa kwamba safari hiyo nisipoipata mwaka huu sitaipata tena. Nilikuwa naitaka hadi naiota.

Basi, Mwamba wakaja Nyahanga kwa mechi ya kirafiki, wiki chache kabla ya ile ya kuamua. Sisi tulikuwa na silaha mpya. Nilikuwa nimeibuni mimi mwenyewe, na nilijisifu sana kwa hilo. Kila mbinu niliipa jina la mahali, kama wapiga debe wa stendi. Nikiita "Nyahanga!" diski inarudishwa nyuma, nyumbani. Nikiita "Kolandoto!" ni pasi ya wastani ya kati. Nikiita "Chato!" ni ndefu, watu wanatimka hadi ndani ya boksi. Nilijiambia mpinzani akisikia atabaki kushangaa tu.

Hawakushangaa hata kidogo. Nilipoita Chato, walikuwa wameshafika huko. Nilipoita Nyahanga, walikuwa wamesimama nyuma yangu wanaingoja diski kana kwamba nimewaagizia. Walitufunga vibaya, tena huku wakicheka. Na katikati ya kufungwa huko nikamwona msichana wao mmoja, mrefu, mwembamba, mwenye matege kidogo, anayerusha kwa mkono wa kushoto. Mwenzake akamwita kwa sauti, "Kulwa! Rudi nyuma, Kulwa!"

Nikageuka kumtazama Doto. Mrefu. Mwembamba. Mkono wa kushoto. Matege sikuyaona vizuri kwa sababu alikuwa amevaa suruali ndefu ya michezo, na hilo nalo nikaliweka akilini. Alikuwa anakunywa maji, anatazama upande wa barabara kama vile hajasikia jina lililoitwa. Nani asiyegeuka akisikia jina la pacha wake? Ni yule tu aliyejizuia kugeuka.

Jioni ile nilikwenda kwa Varsha. Familia yao ina duka la vifaa vya ujenzi na zana za wachimbaji, sururu, koleo, kamba, pampu za maji, na yeye hukaa kaunta hadi jua linapozama. Ni rafiki yangu tangu shule ya msingi na ndiye mrushaji wetu wa pembeni.

"Doto anatuuza," nikamwambia kabla hata sijakaa.

"Kwa nani?"

"Kwa dada yake. Yule Kulwa wa Mwamba ni pacha wake. Hukuona?"

Varsha akamalizia kumfungia mteja misumari, ndipo akanigeukia. "Mwana, Kulwa wako wangapi Geita? Nenda stendi uite jina hilo moja tu, nusu ya abiria watageuka."

"Wote wanatumia mkono wa kushoto?"

"Hata baba yangu anatumia wa kushoto. Naye ni pacha wake?"

"Usinichekeshe. Walijuaje mbinu zetu? Niambie. Mimi nimetoa? Wewe umetoa? Mwalimu ametoa? Nani mgeni kati yetu?"

Hakuwa na jibu la hilo. Akaniwekea soda mezani, akasema nimuulize Doto mwenyewe kwa uwazi, kama mchezo wetu unavyotaka. Nikamwambia ukimuuliza mwizi kama ameiba atakujibu nini. Niliondoka nikiwa na uhakika zaidi kuliko nilipofika, kwa sababu mtu akikosa jibu la swali lako unajua umegusa penyewe.

Kwa Mwalimu Hatibu nako sikupata kitu. Nilimwomba amweke Doto benchi. Akavua miwani, akaifuta kwa shati lake, kama anavyofanya anapotaka kukukatalia bila kukuangalia.

"Una ushahidi, Mwanaidi?"

"Nina macho, Mwalimu."

"Tuna wanawake wanne tu kwenye timu, na kila dakika lazima watatu wawe uwanjani. Nikimtoa huyo, goti lako litamaliza mechi?" Akavaa miwani yake. "Na hata tungekuwa na ishirini nisingemtoa kwa sababu ya jina."

Lakini tangu siku hiyo nilianza kumchunguza Doto kwa namna ambayo sikuwahi kumchunguza hata mteja. Alikuwa anakuja mazoezini mapema, ananisalimia "Mwangaluka, dada Mwanaidi," hata kama ni saa kumi na moja jioni, kwa sababu alijua salamu hiyo ya asubuhi inanichekesha. Alikuwa anawasaidia wavulana kushika diski vizuri. Alipokosea alisema amekosea. Yote hayo niliyaona, na yote yakanitia wasiwasi zaidi. Mtu wa kawaida huwa anakasirika mara mojamoja. Huyu alikuwa mwema kama mtu anayelipwa.

Ijumaa moja nilipita stendi kupokea mzigo wangu wa vitenge, nikamwona amesimama na begi mgongoni kwenye mlango wa basi la Geita. Nikamwendea.

"Safari ya wapi, mdogo wangu?"

"Chato, dada. Naenda kumwona mama, presha imempanda tena."

"Chato kwa basi la Geita?"

"Nalala kwa mjomba Geita, kesho naendelea. Yeye ananipa na samaki wa kumpelekea mama."

Mtu anapelekewa samaki Chato! Chato, penye Ziwa Victoria mlangoni! Nilimtakia safari njema huku nikichekea moyoni, kicheko cha mtu aliyemkamata mwizi mkono ukiwa mfukoni. Baadaye nilimsimulia Varsha. Akasema pengine ni samaki wa kukaushwa, pengine mjomba anafanya biashara hiyo. Pengine, pengine. Varsha ana pengine za kutosha kujaza duka lao.

Kwa kuwa hakuna aliyetaka kunisikia, niliamua kutega mtego wangu mwenyewe. Wiki moja kabla ya mechi ya kuamua, baada ya mazoezi, nilimvuta Doto pembeni nikamwambia kuna mbinu mpya inayoitwa Biharamulo. Nikishika diski mimi na kuita jina hilo, yeye akimbie mpaka kona ya mbali kabisa, kupita hata pale tunapoishia kwenye Chato, nami nitamrushia huko. Nikamwambia asimweleze yeyote, hata wenzetu, maana siku hizi mambo yetu yanavuja.

"Hata Varsha?" akauliza.

"Hata Varsha."

Akatikisa kichwa kukubali. Alionekana amefurahi kuaminiwa. Nakumbuka nilisema moyoni, furahi tu, tutaonana Geita. Kama Mwamba wangeshtuka kwa jina hilo, lingekuwa limetoka kwenye mdomo mmoja tu duniani.

Tulicheza Jumamosi, kwenye uwanja wa shule moja ya Geita. Udongo mwekundu, majani mawili matatu, mistari imechorwa kwa majivu. Vijana wa machimboni walikuwa wamejipanga pembeni na mabuti yao, wanabishana kama tunacheza kweli au tunafanya maigizo. Kapteni wa Mwamba, Thobias, kijana mpole mwenye kipara, alikuja kunishika mkono. Nikamshika huku nikimtazama Kulwa nyuma ya bega lake. Kulwa alikuwa anazungumza na wenzake. Hakumsogelea Doto, wala Doto hakumsogelea. Ndugu wa tumbo moja, nikawaza, na wanajua kuigiza kuliko ninavyodhani.

Atakayetangulia kufika pointi kumi na tatu ndiye wa Dar es Salaam. Niliacha kuita majina. Nilitumia ishara za mikono, na tukaanza kucheza vizuri, Wallahi, tukacheza vizuri kuliko siku zote. Doto alirusha na kudaka kama mwenye macho kisogoni. Tulikuwa tunafukuzana nao pointi kwa pointi. Nilipoona tumefika nane kwa nane nikajiambia sasa ni wakati wa kujua.

Nilidaka diski katikati ya uwanja. Nikapaza sauti, "Biharamulo!"

Doto akatimka. Lakini kabla hajapiga hatua yake ya pili, Kulwa alikuwa ameshageuka, anakimbilia ile kona ya mbali kabisa. Na si Kulwa tu, na mwingine mmoja pia. Hawakusita, hawakuulizana. Nilisimama na diski mkononi, anayenilinda ananihesabia usoni sekunde nilizopewa za kurusha. Nikampa Varsha pasi fupi. Doto akarudi anahema, mikono ameipanua, ananiuliza kwa macho mbona hukurusha. Sasa nilikuwa na ushahidi ambao Mwalimu aliutaka, ila mechi ilikuwa inaendelea na wanawake wetu walikuwa walewale wanne, mmoja ameshateguka kifundo cha mguu. Ilibidi nicheze hadi mwisho na msaliti kwenye timu yangu.

Nikaamua kwamba sitamtoa machoni. Kila alipokwenda nilimfuata kwa macho. Nilitaka niione ile dakika wanayopeana ishara, yeye na dada yake, niwakamate mbele ya watu wote. Diski mara mbili ilinipita karibu nisiione. Varsha akanipigia kelele, "Mwana, uko wapi?" Nikamwambia nipo.

Tukafika kumi na mbili kwa kumi na mbili. Pointi moja, na timu moja inakwenda Dar es Salaam.

Diski ilikuwa kwa Varsha, pembeni kushoto. Mimi nilikimbia kuelekea kona kumvuta mlinzi wangu wa Mwamba, nikasimama kama hatua mbili tu kutoka kwenye mstari. Doto akaja kwa kasi kutoka katikati, Kulwa ubavuni kwake. Varsha akarusha. Ilikuwa diski nzuri, imeinama kidogo, inakuja kuangukia pembeni kabisa mwa boksi. Wote wawili wakaruka. Nikakodoa macho. Nilimtazama Doto usoni. Nilisubiri amwangalie dada yake, hata kwa kupepesa. Hakumwangalia. Macho yake yalikuwa kwenye diski, makubwa, yasiyo na kitu kingine chochote ndani yake. Akaidaka, akatua, akaanguka na vumbi likafunika kila kitu.

"Ndani!" akapiga kelele akiwa bado chini.

"Nje!" akasema Kulwa. "Mguu umegusa nje."

Watu wakatukimbilia. Majivu ya mstari yalikuwa yamevurugwa na mwili wa Doto alipoanguka, huwezi kusoma chochote pale. Varsha alikuwa mbali. Mlinzi wangu alikuwa amegeuka upande mwingine. Vijana wa machimboni wakaanza kupiga miluzi. Thobias akaja taratibu, akaangalia ardhi, akaangalia wachezaji, kisha akanyoosha mkono kunielekea mimi.

"Mwanaidi ndiye alikuwa karibu," akasema. "Alikuwa anatazama hapa hapa, nimemwona. Akisema ndani, ni ndani, nyie mmeshinda. Akisema nje, ni nje."

Wenzake wakaitikia. Hata Kulwa akaitikia. Hakuna aliyelalamika kwamba mimi ni kapteni wa Vumbi, kwamba nina sababu zote za kudanganya. Walisimama tu wananisubiri.

Doto alikuwa ameinuka, magoti yamepakaa udongo mwekundu, diski ameikumbatia. Aliniangalia kwa matumaini kabisa. "Mwambie, dada," akasema. "Ulikuwa hapa."

Nilitaka kusema ndani. Mungu anajua nilivyotaka. Neno hilo lilinifika kwenye ncha ya ulimi, na Dar es Salaam yote ilikuwa nyuma yake. Msaliti angesema nje, nikawaza, msaliti angempa dada yake pointi hii bure, na huyu amesema ndani. Basi nilikuwa nimekosea nini, na wapi? Lakini hata nikijua hayo, mguu sikuuona. Nilijaribu kuukumbuka mguu wake ukitua, na kila nilipojaribu nilikuwa naona uso.

"Sikuona," nikasema.

Thobias akadhani nimeficha kwa adabu. "Sema tu, hakuna atakayekasirika."

"Sikuona, kaka. Kweli."

Sheria inasema ikiwa hakuna aliyeona, diski inarudi kwa aliyeirusha na mchezo unaanza upya kutoka pale. Varsha akaichukua. Upepo ulikuwa umeanza. Alirusha, ikainuka juu kuliko alivyotaka, Thobias akaikata. Baada ya pasi chache Mwamba wakawa ndani ya boksi letu, wanarukiana mabegani.

Mechi ikiisha, timu zote mbili hukaa pamoja, mabega kwa mabega, mmoja wetu mmoja wao, na kuambiana waziwazi mliyoyaona. Tunaliita duara, jambo linalowachekesha sana wachimbaji kwa sababu kwao duara ni shimo la dhahabu. Nilikaa katikati ya Kulwa na kijana mwingine wa Mwamba, natamani kweli lingekuwa shimo. Thobias akasimama, akatushukuru, akasema hajawahi kubanwa vile. Kisha akacheka.

"Jambo moja tu, ndugu zetu wa Kahama. Afadhali leo mliacha kutangaza safari. Ile siku Nyahanga, kapteni anaita Chato, na sisi ni watu wa Geita! Kila mtu hapa anajua Chato ni mbali. Mkiita Kolandoto ni ya wastani. Mkiita Nyahanga, si ni hapo hapo kwenu? Baada ya mara tatu tulikuwa tunapanda gari pamoja nanyi."

Duara zima likalipuka kwa kicheko. Hata Mwalimu Hatibu alicheka, ameshika miwani isianguke. Mimi nilisikia sauti yangu ikiuliza, "Na Biharamulo?"

"Biharamulo si unapita Chato ndiyo ufike?" Kulwa akanijibu, ananigusa bega kwa upole. "Nilisema moyoni, leo wanakwenda mbali zaidi, ngoja niwahi." Halafu akainama mbele yangu ili amwone Doto aliyekuwa upande wa pili wa yule kijana. "Na wewe umeitwa Doto muda wote, nataka nikusalimie. Mimi ni Kulwa. Doto wangu ameolewa Sengerema, ana watoto wake huko. Kulwa wako yuko wapi?"

"Sina," Doto akasema. "Ni jina la bibi mzaa baba. Yeye ndiye alikuwa pacha. Mimi nilizaliwa peke yangu."

"Wabeja," akasema Kulwa, akimshukuru kwa Kisukuma, akampa mkono. Walikuwa wanashikana mikono kwa mara ya kwanza maishani mwao, na mikono hiyo ilipita mbele ya uso wangu.

Watu walipotawanyika nilikwenda kwenye kivuli cha ukuta wa darasa kufungua bandeji ya goti. Doto alinifuata. Hakuwa amenawa, udongo ulikuwa bado umemganda magotini. Alisimama mbele yangu.

"Dada Mwanaidi, ulikuwa hatua mbili."

"Ndiyo."

"Thobias amekuona unatazama. Ulikuwa unatazama nini?"

Ningeweza kusema jua. Ningeweza kusema vumbi. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na mtu wa kumwendea isipokuwa mimi.

"Nilikuwa nakutazama wewe."

"Mguu wangu?"

"Uso wako."

Hakuelewa mara moja. Kisha niliona akianza kuelewa, kidogokidogo, jambo moja baada ya jingine. Alitazama pale Kulwa alipokuwa amesimama, anacheka na Varsha. Alitazama tena kwangu.

"Ile Biharamulo," akasema. "Uliniambia mimi peke yangu."

"Ndiyo."

"Ulikuwa hunipi mbinu."

Vijana wa Mwamba walianza kuimba upande wa pili wa uwanja, na Mwalimu Hatibu alikuwa anatuita tupande gari. Doto alijipangusa magoti kwa viganja, polepole, kwanza moja, kisha la pili, kama mtu aliye peke yake chumbani.

"Nilikuwa ndani," akasema.

"Najua."

"Hujui," akasema Doto. "Hukuona."